Risasi iliyomsumbua Clair Patterson

Kabla ya kupima jiwe lolote, kwanza napima bila jiwe. Natia maji na tindikali tu, navipitisha hatua zote kana kwamba sampuli imo. Risasi itakayoonekana hapo, yaani ile metali nzito yenye sumu, si ya bunduki, imetoka kwetu: kwenye chombo, hewani, kwenye nywele zangu. Kila nifanyapo hivyo namkumbuka mwanakemia Clair Patterson, mzaliwa wa Iowa, Marekani, 1922, aliyepima umri wa Dunia.

Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Chicago, mwalimu wake Harrison Brown alimpa kazi ya kupima risasi iliyomo kwenye punje za zirikoni, madini yanayopatikana ndani ya miamba. Mwenzake, George Tilton, alipima urani, metali ya mionzi ambayo hugeuka kuwa risasi. Majibu ya Patterson yalizidi kupita kiasi, tena na tena. Akaanza kusaka risasi hiyo inaingilia wapi, akaikuta kila mahali: kwenye vyombo vya kioo, kwenye maji, kwenye vumbi. Alipohamia Caltech, chuo kikuu cha California, mwaka 1952 alijenga maabara safi ambayo wakati ule haikuwa na mfano.

Usafi huo ndio uliompa umri wa Dunia. Urani ina aina zinazotofautiana kwa uzito wa atomu: urani-238 hugeuka polepole hadi ikawa risasi-206, na urani-235 ikawa risasi-207. Sasa, kimondo cha chuma cha Canyon Diablo, kilichoanguka Arizona, kina salfidi ya chuma (mchanganyiko wa chuma na salfa) ambayo karibu haina urani kabisa. Kwa hiyo risasi yake haijaongezeka. Ni ile ile ya mwanzo. Patterson aliilinganisha na risasi ya vimondo vya mawe na ya matope ya chini ya bahari, ambayo imeongezwa na urani; ongezeko hilo ndilo linaloonyesha muda uliopita. Mwaka 1956 akachapisha jibu: miaka bilioni 4.55. Mpaka leo namba hiyo haijasogea sana.

Wengine wangetulia hapo. Yeye aliendelea kuulizia ule uchafu. Akakuta maji ya juu ya bahari yana risasi nyingi kuliko ya kilindini, na theluji mpya ya Greenland nyingi kuliko ya kale. Mwaka 1965 akaandika wazi kwamba binadamu wamejaa risasi isiyo ya asili, kwa kiasi kikubwa kutokana na petroli, ambayo ilikuwa ikitiwa risasi. Alipingwa vikali, na jopo la kitaifa la kuchunguza risasi ya hewani likaundwa bila yeye. Hilo huniuma hadi leo, maana hakuna aliyeijua risasi hiyo kumzidi.

Alifariki tarehe 5 Desemba 1995. Chini ya mwezi mmoja baadaye Marekani ikapiga marufuku petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani. Kwetu kusini mwa Sahara iliondoka kufikia 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, 2021.