Gango la bawa: maana yake kwa ndege na kwa kipepeo

Gango ni kipande cha ubao, ubua au kitu kingine kigumu kinachofungiwa mahali palipovunjika ili pande mbili zishikane bila kucheza. Neno hili linatokana na kitenzi kuganga, kilekile kilichompa mganga jina lake, na kwa sababu hiyo anayelisikia hutarajia kwamba kilichofungwa kitapona. Kwa bawa la ndege matarajio hayo ni sahihi. Kwa bawa la kipepeo si sahihi, na asiyejua tofauti hiyo anaweza kumdhuru kiumbe anayemhurumia.

Bawa la ndege ni mkono, lenye bega, kiwiko na kifundo, na mifupa yake ina damu na uhai. Hata hivyo, mifupa ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua ya migomba katika vihamba (mashamba ya kuzunguka nyumba) vya Moshi, ni myembamba mno kufungiwa ubao. Gango lake ni mwili wake mwenyewe: bawa hukunjwa kama yeye anavyolikunja akiwa ametulia, kisha hushikizwa ubavuni kwa utepe mwepesi wa karatasi usiong'oa manyoya. Utepe usikaze kifua hata kidogo, kwa maana ndege hana kiwambo cha kupumulia chini ya mapafu kama chetu; huvuta hewa kwa kupanua kifua chenyewe, na akibanwa hufia mkononi. Wala asimiminiwe maji mdomoni, kwani tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi. Mfupa mdogo huhitaji wiki mbili hadi tatu kuunga. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo. Wewe mweke ndege katika boksi lenye matundu, penye giza na joto, umpeleke upesi, na umwarifu afisa wanyamapori, maana ndege wa porini analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kipepeo ni habari nyingine. Anapotoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, mabawa yake manne huwa laini na yamekunjamana. Huyasukumia majimaji ya mwilini kupitia mishipa yake mpaka yatanuke, kisha yakakauka, na tangu hapo hayakui wala hayaungi. Kwa hiyo gango lake, kwa kusema kweli, ni kiraka, naye atakaa nacho maisha yake yote.

Nilimwekea kiraka mmoja nyumbani Kibosho, kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, wa aina ambayo viwavi wake hula majani ya mlimao. Bawa la mbele la kulia lilikuwa limepinda katikati kama ukurasa wa daftari. Nilimweka ndani ya kopo kwenye friji kwa dakika chache ili atulie, nikamlaza juu ya taulo na kumshikilia kwa waya uliokunjwa, nikapaka gundi kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno, nikabandika kipande cha karatasi ngumu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Juu yake nilinyunyiza poda ya mtoto, la sivyo mabawa yangenatana. Jua lilipompasha joto alitetemesha mabawa kwa muda mrefu, kisha akaruka chini chini hadi kwenye ua wa majirani.

Bawa likiwa limekatika kipande, baadhi ya watu hupunguza na lile la upande wa pili ili uzito ulingane, nami naona ni busara iwapo kilichopotea ni kidogo na mkasi haufiki karibu na mwili. Mabawa ya nyuma yakipotea, kipepeo bado huruka. La mbele likiwa limeng'oka shinani, hakuna gango litakalomrusha tena. Huyo mkatie kipande cha ndizi iliyoiva sana, umsimamishe juu yake, na mara nyingi utauona mrija wake ukikunjuka taratibu na kuanza kufyonza.