Je, wajua kwa nini nduaro huonekana zaidi wakati wa kaskazi?

Ukifika Watamu, Malindi au Shimoni mwezi wa Juni, utakuta boti za kuvulia samaki wakubwa zimepandishwa nchi kavu. Injini zimefunguliwa, mafundi wanakwangua magamba ya chaza na kupaka rangi upya. Rudi Januari uone: boti zile zile zinatoka alfajiri, kila moja na fito mbili ndefu zilizochomoza ubavuni, na jioni nyingine hurudi na vibendera juu kutangaza walichokipata. Anayetafutwa ni nduaro, ambaye wageni humwita marlini, yule samaki wa bahari kuu mwenye mdomo kama sindano ya kushonea magunia.

Watu wengi huamini kwamba Juni nduaro huwa amehama, na kaskazi ikianza anarudi. Ukweli una pande mbili. Wapo nduaro ambao Juni hawajaenda popote. Aliyehama ni mvuvi. Tunachokiita msimu ni mambo mawili yaliyoangukia miezi ile ile: upepo unaomruhusu mtu kutoka, na bahari inayomsogeza samaki juu na karibu.

Tuanze na upepo, maana huo kila mtu wa pwani anaujua. Kusi hushika nguvu kuanzia Aprili na huvuma hadi Septemba hivi. Hujenga mawimbi makubwa yanayovunjika juu ya mwamba, na mahali kama Watamu boti lazima ipite kwenye mlango wa mwamba ndipo ifike nje. Nahodha anaweza kupita, lakini mgeni aliyelipia siku nzima ataishia kutapika ubavuni, na chambo kinachokokotwa juu ya maji yaliyochafuka hakikai vizuri. Ndiyo maana Mei hadi Julai vilabu vingi vya uvuvi hufunga shughuli. Kaskazi ikija, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, bahari hutulia kiasi, na kati ya pepo hizo mbili huwa kuna kipindi cha maleleji, upepo unapobadilika, ambapo maji hulala kabisa.

Kama ingekuwa upepo tu, hadithi ingeishia hapo. Chini ya maji, hata hivyo, kuna jambo kubwa zaidi.

Pwani yetu ina mkondo unaotiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Kule mbele yake upo Mkondo wa Somalia, na huu una tabia ya ajabu: hugeuka. Ni mmoja kati ya mikondo michache mikubwa duniani inayobadili mwelekeo kila mwaka kwa kufuata upepo wa msimu. Wakati wa kusi, mikondo hiyo miwili huenda pamoja, mmoja ukiupokea mwingine, na maji hukimbia moja kwa moja hadi Somalia. Wakati wa kaskazi, Mkondo wa Somalia hurudi kusini na kukutana uso kwa uso na huu wetu karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Malindi na Lamu. Hakuna unaoushinda mwenzake. Yote miwili hupinda na kuelekea mashariki, katikati ya bahari.

Mahali maji mawili yanapokutana hivyo, vitu hujikusanya: viumbe vidogo vinavyoelea, takataka, mwani, dagaa, na wanaokula dagaa. Juu ya kingo za Kenya Kaskazini, yaani zile sehemu za sakafu ya bahari zilizoinuka mbali kidogo na nchi kavu, maji ya chini yenye rutuba hupanda juu katika msimu huo. Vibua hufuata chakula, sehewa na jodari hufuata vibua, na nduaro hufuata wote. Samaki huyu hana kalenda. Ana tumbo.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana, nami naona ndilo linaloeleza mengi. Bahari ina tabaka la maji ya moto juu na maji baridi chini, na mpaka kati yao si wa polepole. Ukishuka unaupita ghafla. Kusi huvuruga maji hadi chini, kwa hiyo lile tabaka la juu huwa nene na lenye ubaridi kidogo. Kaskazi, kwa upande wa pwani yetu, tabaka la juu huwa la moto zaidi na jembamba, na mpaka wa maji baridi husogea juu. Nduaro hupenda kukaa kwenye maji ya moto na kupiga mbizi fupi chini. Tabaka likiwa jembamba, yeye na mawindo yake wote hubanwa karibu na uso wa bahari, na hapo ndipo chambo cha mvuvi wa burudani kinapopita. Samaki wale wale, idadi ile ile, wanaweza kuvuliwa zaidi kwa sababu tu wamesogezwa juu.

Umbo la pwani nalo husaidia. Kwa sehemu kubwa ya Kenya, maji mafupi yaliyo mbele ya ufuo ni kipande chembamba, na baada ya hapo sakafu hushuka. Mkondo wa maji kati ya Shimoni na kisiwa cha Pemba una kina kinachofika kiasi cha mita 800. Nchi nyingine mtu husafiri nusu siku kuyafikia maji kama hayo. Hapa hujamaliza hata chai, boti imeshaanza kazi. Kasoro iko Malindi: Mto Sabaki humwaga tope, na kaskazi hulisukuma tope hilo kusini hadi kwenye ghuba ya mji wenyewe. Kwa hiyo msimu mzuri wa nduaro ndio ambao maji ya karibu na Malindi huwa ya kahawia. Nahodha hupita tope bila kutupa mshipi hata mmoja, akitafuta mstari ambapo kahawia inakatika na buluu inaanza. Mstari huo ukionekana, na ndege wakijichoma majini juu yake, kila mtu botini huacha mazungumzo.

Si kila aina huja kwa wakati mmoja. Sulisuli, ndugu yake nduaro mwenye pezi kubwa kama tanga mgongoni, huwa wengi Novemba hadi Januari. Nduaro wa milia hushika Januari hadi Machi. Weusi na wa buluu, ambao ndio wakubwa, hutokea mmoja mmoja msimu wote. Mbinu ya mabaharia ya kumtambua nduaro mweusi aliyekomaa ni rahisi: shika pezi la ubavuni ujaribu kulilaza mwilini. Likikataa, ni mweusi. La wenzake hulala.

Usidhani sababu hizi ni za dunia nzima. Kule Cairns, Australia, msimu mkubwa wa nduaro weusi ni Septemba hadi Desemba, na kinachowaleta pembeni ya Mwamba Mkuu wa Matumbawe ni uzazi. Majike makubwa hukusanyika hapo kutaga. Na tukisema kubwa ni jike kweli: madume ya nduaro wa buluu ni nadra kuzidi kilo 160 hivi, wakati jike huweza kupita nusu tani. Nduaro mweusi anayeshikilia rekodi ya dunia alivuliwa Cabo Blanco, Peru, tarehe 4 Agosti 1953, na mvuvi Mmarekani Alfred Glassell. Alikuwa na kilo 707. Zaidi ya miaka 70 imepita na rekodi hiyo bado imesimama.

Sasa tuone anavyovuliwa. Njia kuu ni kurambaza, ile ile ya mvuvi wa ngalawa anayekokota mshipi nyuma ya chombo, ila hapa boti hukimbia noti saba hadi tisa, yaani kiasi cha kilomita 13 hadi 17 kwa saa, na kukokota mishipi kadhaa kwa pamoja. Zile fito za ubavuni kazi yake ni kuitawanya mishipi isisokotane. Chambo huweza kuwa kibua au sehewa mzima, au kipande cha plastiki chenye sketi ya rangi kinachoruka na kuacha mapovu nyuma yake. Kelele za boti hazimfukuzi nduaro; wakati mwingine mapovu ndiyo yanayomvuta aje kutazama.

Anapokuja, mara nyingi huonekana kabla ya kupiga. Kwanza kivuli cha kahawia nyuma ya chambo. Kisha ubavu wake huwaka: milia ya buluu hung'aa kana kwamba mtu amewasha taa ndani ya ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 juu ya nduaro wa milia kule Mexico ulionyesha kwamba anayeshambulia kundi la dagaa huwaka hivyo wakati wa zamu yake, na akimaliza hufifia. Wanasayansi waliona kwamba huenda ni ishara kwa wenzake: zamu yangu, msinigonge. Ukifikiria kwamba kila mmoja amebeba upanga usoni, adabu hiyo si ya kupuuzwa.

Nduaro hampigi windo lake kwa kumchoma kama watu wanavyodhani. Hupeleka mdomo kulia na kushoto, humjeruhi au kumzubaisha, kisha hugeuka kummeza. Na zile habari za kasi ya kilomita 110 kwa saa zinazozunguka mitandaoni ziache. Vipimo vya karibuni vya sulisuli vimetoa kiasi cha kilomita 30 hadi 36 kwa saa anaposhambulia. Kinachomsaidia zaidi ni macho. Nduaro na jamaa zake wana msuli wa jicho uliobadilika ukawa kama jiko dogo: haukazi wala kulegea, unazalisha joto tu, ukipasha ubongo na macho. Anaposhuka kwenye maji baridi, mwili hupoa lakini macho hubaki na moto, na jicho lenye joto huona mwendo wa haraka vizuri kuliko jicho lililopoa. Ngisi aliye chini kwenye baridi hana bahati hiyo.

Akishanasa, rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, hulia na mshipi hutoka mamia ya mita. Kwa sheria za chama cha kimataifa cha uvuvi wa burudani, IGFA, aliyeshika fimbo lazima apambane peke yake; mwingine akiigusa fimbo au rili, samaki huyo hahesabiwi kwenye rekodi. Mabaharia huruhusiwa kuingia mwishoni tu, kushika kile kipande kinene cha mshipi kilicho karibu na ndoana. Kazi hiyo ina hatari yake. Baharia huvaa glovu na kukizungusha mkononi mara moja au mbili kwa namna ambayo anaweza kukiachia papo hapo, kwa sababu nduaro akiamua kuruka tena, mkono uliofungwa humfuata.

Baada ya jasho lote hilo, siku hizi samaki wengi huachiwa. Wavuvi wa mitumbwi huona ni uwendawazimu kutupa kilo 80 za nyama, na nawaelewa. Sulisuli aliyekaushwa kwa moshi ni chakula kitamu, na hoteli za pwani huuza. Lakini kwa biashara ya boti hesabu ni nyingine: nduaro hai anaweza kulipiwa tena na mgeni mwingine. Kuachia nako kuna ufundi. Samaki asipandishwe botini kwa ajili ya picha. Akiwa amechoka, ashikwe mdomo huku boti ikisogea mbele polepole, kwa sababu nduaro hupumua kwa kuogelea akiwa ameachama. Akisimama, maji hayapiti kwenye mashavu yake. Ndoana za duara husaidia pia, kwani hunasa pembeni ya mdomo badala ya kumezwa, ingawa faida hiyo ni kwa chambo cha samaki halisi kuliko cha plastiki.

Kabla ya kuachiwa, wengi hutiwa alama yenye nambari, kazi inayoratibiwa hapa kwetu na African Billfish Foundation ya Watamu. Alama za namna hii ndizo zilizofichua safari zao. Nduaro wa buluu aliyetiwa alama mwaka 1992 karibu na Delaware, Marekani, alivuliwa tena mwaka 1995 karibu na Mauritius, umbali wa karibu kilomita 15,000 kwa makadirio ya chini. Aliivuka Atlantiki na kuizunguka Afrika. Samaki wa namna hiyo hawezi kulindwa na nchi moja.

Na anahitaji kulindwa. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, imemweka nduaro wa milia kwenye hali mbaya: amepungua sana na bado anavuliwa kupita uwezo wake wa kuzaana. Wanaommaliza si watalii wenye fimbo. Ni majarife na mishipi mirefu yenye ndoana nyingi inayowekwa kutafuta jodari, naye hunaswa humo humo. Mwaka 2018 tume hiyo iliweka viwango vya mavuno na kukataza kubaki na samaki wa jamii hii aliye chini ya sentimita 60.

Kwa hiyo ukimkuta sulisuli au nduaro mwenye kijiti cha plastiki mgongoni, iwe kwenye jarife au sokoni, usikikate ukakitupa. Andika nambari, tarehe na mahali alipovuliwa, umpelekee taarifa afisa wa uvuvi au BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wenu. Urefu upimwe kuanzia ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia, si kuanzia ncha ya mdomo wa juu, maana mara nyingi huo huwa umeshavunjika.