Kuwa mkweli mtandaoni si kuanika kila kitu

Wengi wakiambiwa wajioneshe walivyo kwenye mitandao ya kijamii huamua mawili: kuigiza maisha yasiyo yao, au kuanika hadi mambo ya ndani. Yote mawili hayahitajiki. Kinachotakiwa ni kwamba anayekufahamu ana kwa ana asome ukurasa wako bila kujiuliza, "Huyu ndiye yeye kweli?"

Wasifu ndio husomwa kwanza, na nafasi ni finyu: Instagram hutoa herufi 150, X (zamani Twitter) 160. Maneno kama "mwenye maono" au "mpenda mafanikio" huimaliza bure, maana kila mtu anaweza kujiita hivyo. Taja unachofanya: "Nashona nguo za watoto. Najifunza kupiga gitaa." Hapo hujafikisha hata herufi 50, na msomaji ameshakujua. Kama bado unasoma, andika mwanafunzi. Cheo cha kujipa huumbuka siku mwajiri atakapokilinganisha na barua yako ya maombi.

Picha iwe ya karibuni na uso uonekane vizuri. Kuongeza mwanga si tatizo. Kubadilisha umbo la pua au taya ni kutengeneza mtu mwingine.

Pagumu ni kwenye hadhira. Bosi, mama mkwe na rafiki wa utotoni husoma chapisho lilelile, ingawa ana kwa ana usingezungumza nao kwa namna moja. Huo si unafiki, ni adabu ya kawaida. Kwa hiyo gawa wasomaji: tumia orodha ya marafiki wa karibu ya Instagram, au kwenye Facebook chagua nani aone kabla ya kuchapisha. Kumbuka tu kwamba orodha haizuii mtu kupiga picha ya skrini.

Tarehe kamili ya kuzaliwa, jina la shule ya msingi na ukoo wa mama yako viache nje. Ni majibu ya maswali ya usalama ya akaunti nyingi, na kuvificha hakumdanganyi yeyote.

Kisha tazama machapisho yako 12 ya mwisho kwa pamoja. Kila moja laweza kuwa la kweli, lakini yakiwa yote ni sherehe na safari, jumla yake inadanganya. Usikimbilie kubuni huzuni ili kusawazisha; weka kazi ambayo haijakamilika, au swali ambalo bado linakusumbua. Ya zamani yasiyokuwakilisha tena, Instagram hukuruhusu kuyahifadhi kwenye kumbukumbu bila kuyafuta.