Simama Penye Mawe: Wikendi ya Safari Rally kwa Jicho la Fundi wa Shokomzoba

Safari Rally ikikaribia, wateja wanaoingia gereji yetu hapa Industrial Area husahau kuniuliza bei ya bushi. Wanataka kujua pa kusimama. Kwa kuwa nimeshughulikia shokomzoba za magari ya mbio za humu nchini kwa miaka mingi, wanaamini ninajua kilima fulani cha siri ambapo magari hupaa kuliko kwingine kote. Vilima hivyo vipo, na kila mpiga picha anavijua. Ila mimi nikipewa wikendi ya ndoto, bila spana mkononi wala gari la mtu la kusubiri, nitatafuta mahali penye mawe, magari yanapolazimika kupunguza mwendo, nikae hapo tangu gari la kwanza hadi la mwisho.

Mbio nyingi za dunia humpima dereva kwa kasi. Safari, tangu ilipoanza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, humpima kwanza kama gari litafika. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, gari la aina ile ile lililowapeleka wazazi wetu mashambani. Joginder Singh alishinda mara 3: 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Madereva wa ng'ambo walikuja na sifa zao na timu zao za viwanda, lakini hadi Hannu Mikkola aliposhinda na Ford Escort mwaka wa 1972, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameondoka na ushindi. Wenyeji walijua pa kukanyaga mafuta na, muhimu zaidi, pa kuinua mguu.

Enzi hizo Safari ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, pamoja na malori na ng'ombe wa watu. Ile iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukaa nje tangu 2002, ina zaidi ya kilomita 300 za ushindani, kwenye njia zilizofungwa kandokando ya Naivasha na Elmenteita. Kuna wazee wanaosema hii si Safari. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni Jumapili ya mwaka ule ule wa 2021. Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa karibu dakika nzima. Katika mkondo wa Loldia (mkondo ni kipande cha njia kinachopimwa muda) shokomzoba ya nyuma ya Hyundai yake ikavunjika, na mbio zake zikaishia hapo. Sébastien Ogier akashinda na Toyota. Siku tatu za kazi nzuri zilimalizwa na kifaa ambacho shabiki wa kawaida hakioni kabisa.

Basi nikieleze kifaa hicho, kwa sababu ukikielewa wikendi yako yote inabadilika.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Ukiiacha peke yake, ikishapigwa na shimo itaendelea kunesanesa. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza: ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vitundu vyembamba vyenye vali, na mafuta yanapolazimishwa kupita pale, nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Ndiyo kazi yake yote, kugeuza mtikisiko kuwa joto. Siku ukitoka kwenye barabara mbovu, gusa shokomzoba ya gari lako kwa uangalifu, utaihisi ilivyopata moto. Sasa fikiria gari la mbio likipiga mawe kwa zaidi ya kilomita 30 bila kupumzika, kama ilivyokuwa katika mikondo ya Kedong na Sleeping Warrior. Mafuta hupata joto, yakawa mepesi, yakapita kwenye vali bila upinzani. Yakianza kutoa povu hali huwa mbaya zaidi, maana pistoni haina tena kitu cha kusukuma. Ndiyo sababu shokomzoba za mbio hujazwa gesi ya nitrojeni yenye shinikizo, inayozuia povu, na nyingi huunganishwa na kichupa cha pembeni ili mafuta yawe mengi na yapoe upesi. Sili ikipasuka, au fimbo ya pistoni ikipinda, hayo yote hayasaidii tena.

Dereva hulisikia jambo hili mgongoni. Wewe uliye kando ya njia unaweza kuliona, mradi usilikodolee gari lote. Chagua gurudumu moja la nyuma. Shokomzoba ikiwa nzima, gari likitua gurudumu hupanda mara moja, hushuka, basi, limetulia. Iliyochoka huacha gurudumu lirukeruke mara mbili tatu, na mkia wa gari huanza kucheza kabla ya kona. Tumia na masikio. Kishindo kizito chenye mvumo ni mfumo unaofanya kazi yake. Kishindo kikavu, kama cha chuma juu ya chuma, maana yake shokomzoba imefika mwisho wa mwendo wake na mshtuko sasa unaenda moja kwa moja kwenye bodi. Nikisikia hicho mara mbili kwa gari moja, huwa natazama saa, nihesabu mkondo uliobaki ni mrefu kiasi gani.

Na hapa ndipo mawe yanapoingia. Pale magari yanaporuka, yote hufanana: unapiga kelele, vumbi linafunga, imekwisha. Penye mawe kila dereva huandika hesabu yake mbele yako. Mmoja atapita katikati akiamini nguvu ya gari. Mwingine atapanda ukingo kulikwepa jiwe moja na kupoteza nusu sekunde. Simama hapo magari yote ya kwanza yapite, na mchana ukisikia gari la nani limepata pancha au limepinda mkono wa chini wa gurudumu, utagundua ulikuwa umeshaona.

Alhamisi sina mengi ya kuisema. Kwa sisi wa Nairobi, kuanzia 2021 hadi 2025 ilikuwa siku ya kwenda KICC kuyaona magari yakizinduliwa, halafu Kasarani, ambako mawili mawili yalishindana bega kwa bega kwenye mkondo mfupi. Mkondo kama huo ukiwepo, wapeleke watoto, ni mahali pazuri pa kumfanya mtoto apende mchezo huu. Ratiba hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo isome kwanza kabla ya kupanga safari.

Ijumaa ndiyo siku ya udongo. Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka jijini, na anayetaka kuwa kandokando ya mkondo kabla njia haijafungwa lazima aondoke usiku au alale huko huko. Udongo wa Bonde la Ufa, hasa upande wa Kedong chini ya Longonot, ni jivu la volkano lililosagwa likawa laini kama unga. Watu wa mbio huliita feshifeshi. Juu unaona njia tambarare, kumbe chini kuna mtaro wenye kina cha goti na mawe yaliyofunikwa. Kalle Rovanperä alikwama humo Ijumaa ya 2021 na siku yake ikaisha, naye ni dereva aliyerudi kushinda Safari mwaka uliofuata na tena 2024. Unga huo huingia kwenye kichujio cha hewa hadi injini ikakosa pumzi, na ndiyo maana miaka ya karibuni utaona magari yamefungwa bomba la hewa lililoinuliwa hadi karibu na paa. Kwetu mafundi wa shokomzoba unga huo una ubaya wa pili: hung'ang'ania fimbo yenye mafuta, na kila fimbo inapoingia ndani husugua sili kama msasa.

Ukienda Kedong, angalia upepo kabla ya kuchagua pa kusimama. Kaa upande unaotoka upepo, sehemu iliyoinuka, upande wa ndani wa kona. Upande wa nje wa kona ndiko gari litakakokwenda breki zikikataa, hata kama kumejaa watu na hata kama mti unaonekana mnene. Msimamizi wa njia akikuambia usogee, sogea, usibishane naye.

Jioni usikimbilie muziki kwanza. Najua Naivasha ya wikendi hiyo imejaa sherehe, na vijana wa Subaru hutoka Nairobi kwa msururu ili wafike huko. Lakini kabla hujaketi na nyama yako, nenda kwenye kituo cha matengenezo. Timu hupewa dakika 45 za kazi ya jioni, na gari likitoka likiwa limechelewa, kila dakika ni adhabu ya sekunde 10. Idadi ya mafundi wanaoruhusiwa kuligusa gari nayo ina kikomo. Simama kimya utazame. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayetafuta spana. Mmoja anachomoa shokomzoba wakati mwenzake ameshaishika mpya, na kwa muda unaotumika kwenye gereji nyingi kufungua nati zilizoshika kutu, shokomzoba zote nne zimebadilishwa. Mimi huenda pale kusoma. Natazama mafuta yaliyovuja yako upande gani, tairi imeliwa ndani au nje, sahani ya chini inayokinga injini imekwaruzwa mbele au katikati. Sahani iliyokwaruzwa sana mbele hunieleza kwamba gari linapiga pua wakati wa kufunga breki, na kesho yake naangalia kama wamelikaza.

Kukaza au kulegeza springi na shokomzoba, hapo ndipo ugomvi wa kila timu. Ukilegeza, gurudumu hufuata ardhi na tairi hushika, lakini gari hulala kwenye kona na kugonga chini kwa urahisi. Ukikaza, linasimama imara kwenye njia nzuri, ila penye mawe linadunda na gurudumu likiwa hewani haliongozi wala halifungi breki. Huku kwetu gari huinuliwa zaidi na springi kupewa mwendo mrefu kuliko Ulaya, na dereva hukubali kuwa litayumba kidogo. Anayetaka gari lijibu upesi kama kwenye changarawe laini ya Finland atalipata, na pengine hatamaliza nalo.

Jumamosi mimi ningeitoa yote kwa Soysambu na Sleeping Warrior, upande wa Elmenteita. Siku ya kwanza ya mikondo magari makubwa, yale ya timu za ubingwa wa dunia, hutoka kwa mpangilio wa msimamo wa ubingwa, na aliye juu hulazimika kuwafagilia wenzake changarawe. Jumamosi mpangilio hupinduliwa: aliye nyuma hutoka kwanza, kinara hutoka mwisho wa kundi lake, akikuta njia safi. Jua likiwaka hiyo ni zawadi. Mvua ikinyesha alasiri, na Bonde la Ufa halitoi notisi, wa kwanza hupita kwenye ardhi ngumu na kinara hukuta matope yaliyokwisha kuchanwa. Tangu mbio zisogezwe hadi Machi mwaka wa 2024, mawingu ya masika nayo yako karibu. Beba koti la mvua hata kama anga ni buluu.

Gari kubwa la mwisho likishapita, nusu ya watu huondoka. Hapo ndipo nawaomba, kwa dhati kabisa, mbaki. Wanaofuata ni wetu. Ni wakati wa kumwona Karan Patel, bingwa wa Afrika 2022 na 2023, na vijana wanaojenga magari yao kwa mkopo na kwa jasho la marafiki. Barabara wanayoikuta si ile aliyoikuta Ogier. Magari yaliyotangulia yamechimba mitaro, yamefukua mawe ambayo hayakuwa kwenye maandishi ya mwelekezi, yule anayemsomea dereva njia, na magari haya yana nguvu ndogo, vipuri vichache, na mara nyingi shokomzoba zilizofunguliwa na kujazwa upya badala ya kununuliwa. Dereva akivuka hapo bila kuvunja kitu, amefanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali la matokeo. Mpigieni makofi, anawasikia. Mwendo wa hapo unaruhusu.

Jumapili kila mtu anataka Hell's Gate, na ni haki yao. Mkondo wa mwisho hutoa alama za ziada kwa watano wa kwanza, kuanzia 5 hadi 1, kwa hiyo hata aliyepoteza kila kitu hukanyaga. Majabali pande zote, mvuke wa mitambo ya umeme ya Olkaria kwa mbali. Fikeni mapema mno.

Baada ya hapo barabara ya kurudi Nairobi husongamana hadi usiku. Badala ya kukaa kwenye foleni ya Kimende, pita tena kwenye kituo cha matengenezo, upande wa timu za nyumbani, wakati wanapakia. Mbio zimekwisha, mafundi wametulia, na wengi wao hawakatai kuulizwa. Uliza nini kilichovunjika, na kilomita ya ngapi. Ukiwa ulisimama penye mawe, huenda hata mkajadiliana.