Shubiri si ute

Mshubiri ni mmea, ule ambao wengi siku hizi huuita alovera. Shubiri ni kitu kimoja tu kinachotoka kwenye mmea huo: utomvu wa manjano, mchungu mno, unaochuruzika mara jani likikatwa. Ile nyama laini inayong'aa katikati ya jani ni ute. Maana imekwisha hapo, ila ushauri wa "paka shubiri usoni" na "kunywa shubiri chunusi ziishe" umevichanganya vitu hivi viwili kwa muda mrefu, na wanaoumia ni wenye ngozi zao.

Likate jani kwa kukingama ulitazame. Nje kuna ganda la kijani. Chini ya ganda hilo tu hupita vijimrija vyenye utomvu. Ndani zaidi ndiko kuliko na ute, ambao karibu wote ni maji, asilimia 98 au 99, na unateleza kwa sababu ya sukari za minyororo mirefu zilizomo. Ute ndio akiba ya maji inayouvusha mmea kiangazi. Shubiri ndiyo inayoilinda akiba hiyo, kwani ina aloini, kemikali chungu, na mnyama akiuma jani hukutana na uchungu kabla hajayafikia maji. Kwa hiyo anayesaga jani zima na ganda lake anachanganya akiba na sumu ya kuilinda.

Kwa karne nyingi kilichokuwa kikisafirishwa na wafanyabiashara, hasa kutoka kisiwa cha Sokotra, kilikuwa shubiri yenyewe, utomvu uliokaushwa hadi ukawa mabonge ya kahawia au meusi. Ilijulikana zaidi kama dawa ya kumharisha mtu aliyefunga choo. Hiyo ndiyo inayosemwa tukisema "chungu kama shubiri", na ndiyo waliyopaka akina mama kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa. Ute usingemwachisha mtoto yeyote, maana hauna ladha ya kumkimbiza.

Ute nao una historia yake, ya kupakwa ungali mbichi. Waliolipasua jani na kulibandika penye jeraha la moto walitaka ubaridi na unyevu wake. Mwaka 1935 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mgonjwa aliyeunguzwa ngozi na eksirei akatibiwa kwa jani bichi la mshubiri, na tangu hapo ute umechunguzwa sana. Kwa majeraha madogo ya moto na ngozi iliyobabuka kwa jua, upo ushahidi wa kuutetea. Kwa ukurutu na chunusi matokeo ni ya kupanda na kushuka, na anayeahidi zaidi ya hapo anatia chumvi.

Linalonisikitisha kuliko yote ni kauli kwamba dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Hapana. Ukipaka ukasikia mwasho, ukaona wekundu au vipele, mara nyingi ni utomvu wa njano ulioachwa kwenye ute, na ngozi inaukataa. Kuunywa ni hatari zaidi: shubiri huharisha, na kuharisha kwingi humaliza maji na potasiamu mwilini, wala haifai kabisa kwa mjamzito. Mwaka 2002 Marekani iliziondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kati ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake.

Kwa hiyo, ukikata jani, lisimamishe upande uliokatwa ukiwa chini kwa dakika kumi au kumi na tano hadi njano yote ichuruzike. Lioshe, ondoa miiba na ganda, kisha uoshe ute wenyewe tena. Jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri siku moja kabla ya kupaka usoni. Na unapomwelekeza mwenzako, mwambie apake ute wa mshubiri. Ukimwambia apake shubiri, umemtuma kwenye ile njano aliyopaswa kuimwaga.