Msisubiri Michango Itimie: Maswali na Majibu Kuhusu Saratani za Watoto

Saratani ya mtoto ni nini?
Ni chembe hai za mwili kuzaliana ovyo bila mpangilio. Kwa watoto tunakutana zaidi na saratani ya damu, ya jicho, ya figo, na uvimbe wa taya uitwao limfoma ya Burkitt. Haiambukizi, wala si laana.

Tuangalie dalili zipi?
Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kama ya paka usiku. Tumbo gumu upande mmoja. Homa zisizoisha, damu kupungua mara kwa mara, michubuko kwa mtoto ambaye hakuanguka. Taya kuvimba na meno kulegea, na hapo nawaomba, msikimbilie kung'oa! Tunawapokea wameshang'olewa, wamechanjwa chale shavuni, uvimbe umeshafika jichoni.

Hatuna pesa. Tuchangishane kwanza ndipo tumpeleke?
Hapana. Mpelekeni kwanza. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, mweka hazina anachaguliwa, ahadi zinaorodheshwa, mjomba wa mjini anasubiriwa mwisho wa mwezi. Burkitt inaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa anakula ugali wakati kikundi kinafunguliwa, sasa hata uji unamshinda.

Hata kama hatuna hata nusu ya gharama?
Hata kama hamna kitu. Nendeni kituo cha afya cha karibu leo, muombe rufaa. Pale Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watoto wenye saratani hutibiwa bila familia kutozwa, kwa ushirikiano wa hospitali na shirika la Tumaini la Maisha, ambalo linaendeshwa kwa michango. Yaani kuna watu wameshamchangia mwanao bila kumjua, nanyi mko nyumbani mnahesabu ahadi.

Basi michango yetu ifanye kazi gani?
Nauli, hasa ya kurudi kwa mzunguko wa pili wa dawa na inayofuata. Chakula cha mama, sabuni, matumizi ya watoto walioachwa kwa bibi. Uvimbe wa Burkitt husinyaa upesi baada ya dawa za mwanzo, na hapo ndipo mama anafunga mzigo akisema mtoto kapona. Hajapona. Wengi hurudi uvimbe umeota upya, na safari hii ni mkaidi. Ila mchangishane mtoto akiwa tayari wodini.

Kuchangia utafiti kuna faida?
Ipo kubwa. Hospitali ya St. Jude, Memphis, Marekani, ilipofunguliwa mwaka 1962, katika watoto 100 wenye aina ya saratani ya damu inayowapata zaidi, walipona kama 4. Leo pale hupona kama 94. Fedha nyingi zilitoka kwa watu wa kawaida, kidogo kidogo. Dawa kadhaa zilizotokana na tafiti za aina hiyo ndizo tunazotumia hapa.

Mimi sina hata shilingi. Nichangie nini?
Damu. Watoto wenye saratani ya damu, na wenzao wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huongezewa damu mara nyingi, na akina baba ndio wanaopotea tukiiomba. Kula vizuri, kunywa maji, nenda benki ya damu. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.