Nini maana ya kupanga ratiba na njia za wauguzi wa majumbani?

Muuguzi ana wagonjwa watano wa kutembelea leo. Aanze na nani, amalizie kwa nani? Mipangilio inayowezekana ni 120. Wakiwa kumi, inafika 3,628,800, na hapo bado tuna muuguzi mmoja tu.

Kupanga ratiba na njia ni kuamua kwa pamoja mambo matatu: nani aende kwa nani, saa ngapi, na apite wapi. Wanahisabati huliweka suala hili katika ukoo mmoja na lile walilolieleza George Dantzig na John Ramser mwaka 1959, la malori ya kusambaza petroli. Ila petroli haina saa ya kunywa chai. Mgonjwa wa kisukari anayechomwa insulini kabla ya kula hawezi kusubiri hadi saa nne kwa sababu nyumba yake iko mwisho wa njia. Wa kubadilishiwa mpira wa mkojo anahitaji aliyefundishwa kazi hiyo. Na bibi aliyemzoea muuguzi wake asiletewe sura mpya kila wiki. Kwangu mimi hilo lina uzito sawa na mafuta ya pikipiki.

Kwa Mwanza, kosa kubwa ni kupanga kwa kilomita. Nyumba za mlimani Bugarika au Mabatini zimekaa juu ya mawe. Bodaboda inakuacha chini, unapanda kwa miguu na begi la vifaa. Kwenye ramani nyumba mbili zinapakana, kumbe kuna jabali katikati na njia inazunguka. Aliye ng'ambo ya Kamanga naye anafuata saa za kivuko: ukikikosa, wote wanaofuata wanachelewa. Kwa hiyo pima kwa dakika.

Programu za kompyuta nazo, orodha ikiwa ndefu, mara nyingi hazijaribu kila mpangilio. Huanza na ratiba inayofaa, kisha hubadilisha nafasi za wagonjwa wawili wawili, zikibakiza badiliko linalopunguza muda bila kuvunja saa ya mtu. Hata kwa daftari inawezekana: panga kwanza wenye saa zisizosogezeka, wengine wajaze nafasi kati yao. Kwenye kadi ya kila mgonjwa andika bodaboda inaishia wapi, na kutoka hapo ni dakika ngapi za kupanda.